Gari Lisilosikika

Nsajigwa aliapa mchana kweupe, uwanjani kwa mama yake kule Suma, mnunuzi wa pikapu yake akiwa tayari ameshika usukani.

"Mama, ndiyo basi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Siku nitakayokanyaga tena hapa, nitashuka kwenye gari jipya la umeme. Bila hilo hunioni."

Mama Esnath alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa mauziano.

"Na likichelewa?"

"Halichelewi. Miezi mitatu. Wakala amenipa karatasi."

"Karatasi," alisema mama. "Haya."

Mnunuzi, Zubery, mfanyabiashara wa ndizi ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka Pangani na cherehani moja, alicheka kidogo, akawasha pikapu, akaondoka nayo. Ilikohoa mara mbili kwenye kilima, kisha migomba ikaificha.

Kikohozi kile kila mtu wa upande ule alikijua. Eksozi ilipasuka, Nsajigwa akaichomelea, ikapasuka tena pembeni ya pale palipochomelewa, akaacha. Tangu hapo kila dereva alipobadilisha gia mlimani, pikapu ilikohoa kama mzee anayetaka kusema jambo. Macho ya Mama Esnath yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana. Kikohozi cha kwanza, kwenye kona ya shule, aliweka birika motoni. Cha pili, kwenye daraja, alifuta kiti. Gari likiingia uwanjani yeye yuko nje, ameshatangulia kufika kwenye dirisha la dereva, mkono ndani, anapapasa bega la mwanawe na kusema, "Mwanangu." Basi. Neno moja. Nsajigwa alikuwa akinywa chai kikombe kimoja, anatazama saa, anaondoka.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaoa, na duka lake la sola na betri lilikuwa karibu na soko la Tukuyu, yeye mwenyewe akilala chumba cha nyuma. Betri alizijua kuliko alivyojua watu. Ndiyo maana alilitaka gari lile: awe wa kwanza Rungwe nzima, apite kimya mbele ya waliomcheka alipoacha shule.

Mwezi wa tatu ukafika, wakala akaandika kwamba meli haijapakia. Mwezi wa tano, meli imezungukia njia ya mbali. Mwezi wa saba gari lilikuwa bandarini, lakini kulikuwa na fomu inayouliza ukubwa wa injini, na gari halina injini, kwa hiyo, wakala alisema, wanatafuta namna ya kuandika. Nsajigwa alisoma ujumbe huo mara nne, akauzima uso wa simu, akabaki anajitazama kwenye kioo cheusi.

Mlango wa pili alikuwa Ahmadi, kinyozi, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mashine zake.

"Mzee wa Meli!" alimwita kila asubuhi. "Imefika wapi leo?"

"Inakuja."

"Naogopa itapita ziwani, itie nanga Matema, tukaipokee na ngoma."

Wateja waliokuwa wakinyolewa walicheka. Nsajigwa hakucheka. Alianza kufungua duka Ahmadi akiwa ameshaanza kazi, na kufunga kabla yake. Aliacha kula kwa mama lishe, akanunua jiko la gesi. Jumapili, ambayo zamani ilikuwa siku ya Suma, alikaa kitandani akisikiliza mvua kwenye bati.

Suma haikuwa mbali. Bodaboda ingemfikisha kwa nusu saa, matope yakiruhusu. Lakini aliapa, tena mbele ya mnunuzi. Na yeye hakuwa mtu wa kulamba matapishi yake mbele ya mtu yeyote.

Alimpigia mama simu.

"Jana nilisikia gari lako," mama alisema mwezi wa nne.

"Si langu tena, mama. Ni la Zubery."

"Najua. Nimesikia tu."

Mwezi wa sita: "Zubery amepita. Amekunywa chai."

Mwezi wa nane: "Zubery kaniletea redio. Ya kuchomeka ukutani. Inasema siku nzima, nyumba haiko kimya sana." Halafu: "Gari lako bado?"

"Bado."

"Haya."

Mwezi wa kumi simu zilikuwa fupi kiasi kwamba muda wa maongezi haukupungua. Walisalimiana, wakasikilizana wakipumua, wakaagana.

Gari lilifika mwezi wa kumi na moja, mgongoni mwa lori. Lilikuwa jeupe, limefungwa minyororo magurudumu yote manne. Ahmadi alitoka nje na mashine mkononi, mteja wake nyuma akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Kaka, mbona limebebwa? Linaumwa?"

Soko zima likacheka. Nsajigwa alisimama kando ya lori, akilitazama gari lake likiteremshwa. Siku hiyo aliyoiota miezi kumi na moja, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumshika mkono na kumwambia hongera.

Karatasi ilisema kilomita mia nne na tano kwa chaji moja. Lakini aliyeandika karatasi hakuwahi kupanda mlima wa Isyonje asubuhi ya ukungu, hita imewashwa, taa zimewashwa, wipa zinakwenda. Nsajigwa alikwenda Mbeya na kurudi, safari ya kilomita mia na arobaini hivi, akaingia Tukuyu betri ikiwa chini ya nusu. Akajifunza pia kwamba ile namba ya kilomita kwenye kioo cha dashibodi si kipimo, ni makisio: inatazama barabara uliyotoka kupita, inadhani na ya mbele iko hivyo hivyo. Ukipanda, inakuvunja moyo. Ukishuka, gari linajichaji lenyewe kwenye mteremko, na namba inapanda, inakusifia. Yeye muuza betri alilijua hilo. Kulijua ni jambo moja, kulikumbuka njiani ni jingine.

Jumamosi umeme ulikatika Tukuyu kutwa, na hadi asubuhi ulikuwa haujarudi. Jumapili, saa nne, kioo kilisema kilomita thelathini na nane. Mtu mwenye akili angengoja. Nsajigwa alikuwa amengoja hadi kungoja kumemchosha mwili. Akavaa shati jipya, akaweka kwenye kiti cha pembeni kitenge alichomnunulia mama, akashuka Suma.

Gari lilishuka kimya. Alipita mashamba ya chai na migomba, na alivyozidi kushuka namba ikazidi kupanda: arobaini na mbili, arobaini na saba, hamsini na moja. Akacheka peke yake ndani ya gari. "Mnaona?" alisema, na hapakuwa na mtu wa kuona. Kwenye kona ya shule watoto hawakugeuka. Darajani mwanamke mwenye mzigo kichwani alishtuka, akaruka pembeni, akamtukana.

Akaingia uwanjani. Mvua ilikuwa imeanza.

Hakuna aliyetoka.

Alikaa ndani ya gari akitazama mlango wa nyumba. Ulikuwa umerudishwa tu. Redio ilisikika ndani, kwaya. Angepiga honi. Angeshuka, hatua ishirini, abishe hodi kama mgeni. Lakini maisha yake yote mama alimtangulia nje. Hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango ule. Atatoka tu, alijisemea. Baridi ikazidi, akawasha hita. Vioo vikaingia ukungu, akawa anaufuta kwa kiganja, anatazama mlango, anafuta tena. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Kitenge kilikuwa pale pembeni kimekunjwa.

Ndipo akasikia kikohozi.

Mbali, kwenye kona ya shule. Mara ya pili, darajani. Na mlango ukafunguka.

Mama Esnath alitoka, kajitandia jani la mgomba kichwani kujikinga na mvua. Alikuwa amekonda. Alipita mita mbili tu mbele ya gari jeupe, akaligeuzia uso kidogo kama mtu anayeona ukuta mahali ambapo hapakuwa na ukuta, akaendelea. Pikapu ilikuwa imesimama nje ya uwanja, imejaa mikungu ya ndizi, kioo chake cha mbele kimejaa ukungu. Mama akaingiza mkono dirishani. Mvua ilipiga, lakini Nsajigwa alikuwa ameteremsha kioo kidogo, na alisikia.

"Mwanangu."

Sauti ile ile. Neno lile lile. Zubery akasema kitu, mama akacheka, akamsogelea zaidi.

Nsajigwa alihisi kama amekuja kwenye msiba wake mwenyewe akakuta watu wameshamaliza matanga. Aliweka gari kinyumenyume, akalizungusha nyuma ya migomba, akatoka kwa njia ya pili inayopita kwa jirani. Hakuna aliyesikia alipofika, na hakuna aliyesikia alipoondoka.

Kule kukaa na hita kulikuwa kumekula sehemu, lakini kioo bado kilisema arobaini na nne. Alikanyaga kwa hasira. Barabara ilikuwa tope, magurudumu yakizunguka bure kwanza kabla ya kushika. Arobaini na nne ikawa thelathini. Kona moja, ishirini na moja. Kona ya pili, kumi na mbili. Akazima hita, akazima redio, akainama mbele kana kwamba uzito wa kifua chake utasaidia. Nane. Nne. Ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, gari likaanza kutambaa, halafu likagoma katikati ya mlima, migomba huku na huku, mvua juu.

Simu ilikuwa na mtandao. Akatafuta jina la kumpigia. Akapita A, akapita majina yote hadi mwisho, akaweka simu mfukoni.

Haikupita nusu saa akasikia mlio ukipanda kutoka bondeni. Akaujua kabla ya kikohozi. Akashuka, akasimama pembeni ya barabara kwenye tope, uso ameuelekeza kwenye kona, na akiwa amesimama hivyo akatambua kwamba amesimama kama mama yake.

Zubery alisimamisha pikapu, akatoa kichwa.

"Nsajigwa! Kumbe ni wewe? Hili ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Zuri. Mbona limelala?"

"Chaji imeisha."

"Lile lori lililolileta limekwisha ondoka?" Zubery alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Unatoka kwa mama?"

Nsajigwa alilitazama gari lake. Halafu maneno yakamtoka yenyewe. "Umekuwa mwanawe sasa, eti? Anakuita mwanangu, nawe unaitika."

Zubery alizima gari. Mvua ikasikika.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Saa nzima. Kapita mbele yangu akaja kwako. Haoni, sawa, basi ungemwambia kwamba wewe si mimi!"

"Nilimwambia siku ya kwanza," alisema Zubery. "Nikamwambia, mama, mimi Zubery. Akasema, najua wewe ni Zubery, mwanangu anatoa harufu ya betri. Akasema, niache niseme tu, gari likilia namna hii mdomo wangu unataka kusema." Akafuta maji usoni. "Miezi kumi na moja, kaka. Kila Jumapili sina mzigo wa Suma. Ndizi hizi nimezipakia Kawetele, karibu na mjini. Napita tu aseme."

Nsajigwa aliangalia tope.

"Nivute mpaka mjini," alisema mwishoni, sauti ndogo.

"Na mzigo huu, mlima huu? Haiwezekani." Zubery alitembea kulizunguka gari jeupe, akalipiga bodi kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Lakini kushuka haliombi chaji, si ndiyo? Tuligeuze."

Waliligeuza wawili, mabega kwenye bodi, shati jipya likaisha palepale. Pikapu ikageuka pia, pamoja na ndizi zake. Zubery akatangulia. Nsajigwa akafuata, bila injini, bila sauti, akishuka nyuma ya mlio uliokuwa wake. Namba kwenye kioo ikaanza kupanda: moja, tatu, tano. Hakuitazama.

Kona ya shule, pikapu ikakohoa. Darajani, ikakohoa tena.

Mama Esnath alikuwa nje. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dereva, lakini Zubery akaushika mkono wake kabla haujaingia.

"Leo nimekuja naye, mama. Yuko nyuma yangu."

"Sijasikia gari la pili."

"Halisikiki."

Mama alisimama. Halafu akaja, mkono umenyooka mbele, ukagusa boneti lenye maji, ukalifuata, ukafika dirishani, ukaingia. Ukapapasa bega lenye tope. Nsajigwa alingoja lile neno. Halikuja. Mama alipeleka pua yake karibu na shingo yake, akanusa.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuja asubuhi? Kuna kitu cheupe nilikipita."

"Nilikuja."

"Ungekohoa," alisema mama.

Zubery aliaga, ndizi zake bado mbichi, pikapu ikapanda na sauti yake ikaisha. Nsajigwa akatoa waya wa kuchaji, akaupitisha dirishani. Ndani kulikuwa na soketi moja tu, juu ya meza, na redio imechomekwa hapo, kwaya bado inaimba.

"Itachukua muda gani?" mama aliuliza.

Alipiga hesabu kichwani: soketi ya nyumbani, waya mwembamba, mlima wa kesho. "Mpaka kesho jioni. Labda na zaidi."

"Hilo la zamani lilikuwa linakunywa mara moja linaondoka."

"Ndiyo."

Mama akaenda mezani, akapapasa ukuta, akaichomoa redio. Kwaya ikakatika katikati ya mstari. Nyumba ikawa kimya kabisa, na katika ukimya huo walibaki wamesimama wawili, kama watu waliokutanishwa leo. Mpaka mama alipokwenda kuweka birika motoni, na Nsajigwa akafuta kiti.