Kitabu cha Kliniki cha Priscah

"Chanjo gani tena?" Baba alikuwa anafoka huku akinipungia kitabu cha kliniki cha dada yangu Priscah, kile cha utotoni kule Eldoret. "Si zote ziko hapa? Polio, surua, zote! Yalla, tunaenda Jeddah kwa shangazi yenu."

"Baba, hizo halas, zimekwisha! Kinga yake ilienda na uboho wake wa zamani. Saa hii ni kama mtoto mchanga, anaanza upya."

"Mtoto mchanga wa miaka kumi na sita?"

"Na anawasikia," Priscah akasema ndani ya maski.

Uboho alionao sasa mifupani ni wangu, alipandikizwa miezi sita iliyopita hapa Riyadh. Daktari alisema chanjo zianze leo, ila ya surua ingoje miaka miwili. Na huko Jeddah watoto wa shangazi wanakohoa.

"Na wewe uliyeruka dirisha la shule ukikimbia sindano?" Baba akaniuliza.

"Nadungwa ya mafua leo leo. Simletei ugonjwa mimi."

Baba akaniangalia, kisha akanipa kitabu. "Basi hao wa hospitali waandike humu humu."

Nikamshika Priscah mkono, tukatoka, nikafunga mlango.