Jicho Juu ya Tangi

Siku Mutugi alipofunga kamera ya ulinzi nyumbani kwake Siakago, aliomba mara tatu: kabla ya kufungua katoni, kabla ya kupanda ngazi, na baada ya kushuka akiwa mzima. Mkewe Lorna, aliyekuwa ameshika ngazi, alisema amina zote tatu, ile ya mwisho kwa haraka kidogo kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaungua jikoni.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo na nyeupe, kiasi cha kikombe cha uji. Ilikuja na paneli ya sola yenye ukubwa wa daftari, na waya wa kuunganisha hivi viwili ulikuwa mfupi, haufiki hata dhiraa moja. Palipokwenda paneli, kamera nayo ilikwenda. Mutugi alitia laini ya simu ndani yake, akapakua programu kwenye simu yake, akaona zizi lake la mbuzi likitokea kiooni kama muujiza. Mbuzi wawili walikuwa wameibwa Jumapili moja familia ikiwa kanisani. Walibaki sita. Hakutaka kila wimbo wa kusifu uanze yeye akiwaza zizi.

Fundi wa duka alikoinunua, mjini Embu, alikuwa amejitolea kuja kuifunga. Mutugi alikataa.

"Nitajisomea," alimwambia, akaondoka upesi kabla fundi hajaona jinsi macho yake yalivyolowa.

Maana neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwake. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na mwaka wa pili katika darasa la ngumbaru, lile la watu wazima linalofanyika jioni katika ukumbi wa kanisa. Alianza akiwa hajui kuandika jina lake. Sasa alikuwa na kamusi, penseli, na kijitabu cha maelezo ya kamera kilichoandikwa kwa Kiingereza, chenye kurasa tano. Nne za kwanza zilikuwa na michoro, naye alizisoma kwa wiki nzima, neno baada ya neno. Wa tano haukuwa na mchoro hata mmoja, ila maneno marefu yaliyobanana. Aliufunua mara moja, akaufunika, akajiambia kwamba jambo la maana haliwezi kuwekwa mwisho namna hiyo.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi Ciakuthii, mama yake Lorna. Mwaka uliopita, alipokuwa akiishi peke yake Gachoka, alianguka karibu na kisima akalala pale nusu siku, hadi mchunga mbuzi aliposikia kilio chake. Lorna alimsihi ahamie Siakago. Mama alikataa miezi mitatu. Watu wa rika lake walilelewa kujua kwamba mama wa mke na mume wa bintiye ni *muthoni* kwa *muthoni*: hawashikani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja husogea pembeni. Angeishije uani kwa mkwewe?

Alikubali Mutugi alipomjengea nyumba yake mwenyewe nje ya ua, na bafu lake mwenyewe la mabati, lisilo na paa ili jua likaushe sakafu. Mutugi alipima kila kitu kwa heshima. Mlango wa bafu, ambao ulikuwa gunia lililotundikwa, aliuelekeza mbali na nyumba yake kabisa. Upande huo hakukuwa na kitu ila tangi la maji juu ya nguzo zake ndefu, na ni nani anayeishi juu ya tangi?

Siku ile ya kwanza ya kamera, Ciakuthii alikuja hadi kwenye ua na kuita bila kuchungulia.

"Muthoni! Lorna ananiambia umeweka jicho. Linaona mpaka wapi?"

"Linaona zizi tu, mama. Mbele ya Mungu, halioni kwako."

"Sawa. Likiona kwangu niambie mapema nirudi Gachoka. Kule naonwa na ndege peke yao."

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake. Na Mutugi alikuwa amesema kweli, kwa kuwa siku hiyo kamera ilikuwa chini ya ukingo wa paa la nyumba, ikitazama zizi na si kingine.

Siku ya tatu kamera ilizimika. Mutugi aliishusha, akaichaji ndani kwa waya wa simu, akairudisha. Baada ya siku mbili ikazimika tena. Alirudi kwenye kijitabu, na katika ukurasa wa nne akasoma kwamba paneli inataka jua la moja kwa moja. Alitoka akatazama. Kumbe ukingo wa paa ulikuwa unaitia kivuli paneli tangu asubuhi hadi karibu saa kumi. Jua lote hili la Mbeere, linalokausha ndengu kwa siku mbili, nayo kamera yake inakufa njaa!

Jumatatu asubuhi aliomba, akapanda ngazi, akaifunga juu kabisa ya nguzo ya tangi. Kufika mchana betri ilikuwa imepanda kutoka asilimia kumi na mbili hadi tisini. Alifungua simu, akaona mbuzi wake pembeni mwa picha, wadogo kama punje za maharagwe lakini wote sita. Aliimba kwa furaha. Picha ilikuwa pana sana, naye aliwatazama mbuzi, hakutazama kwingine. Hakuukumbuka ule mlango wa gunia, wala maneno aliyoyasema uani.

Alhamisi, Mwalimu Kailemia aliwataka wanafunzi waeleze kitu walichojisomea wenyewe. Mutugi alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Alisimama mbele ya wenzake tisa, akaeleza habari za paneli, kivuli na betri, na sauti yake ikazidi kunyooka.

"Sikufungiwa na fundi, sikumwita fundi," alisema. "Nilisoma mwenyewe. Hata sasa hivi nikiwa hapa naona kwangu. Pitisheni muone."

Alifungua programu, akampa simu Jamaldin, muuza nyama mzaliwa wa mji wa Maua, aliyekaa mbele kwa sababu ya macho yake.

"Mutugi," Jamaldin alisema akiipokea, "ukiona huyo mbuzi ananenepa, mimi niambie kwanza, kabla hujaambia mke wako."

Darasa likacheka. Kisha Jamaldin akashusha macho kiooni. Aliilaza simu kifudifudi juu ya dawati, akaifunika kwa kiganja chake kizima.

"Mtandao umeenda," alisema.

"Umeenda wapi na mimi nimeona imewaka?" aliuliza mwanamke mmoja, Mukiri, kutoka nyuma, akinyoosha mkono. "Lete hapa, acha uchoyo."

"Mama, nimesema mtandao umeenda. Unataka nikupimie kilo?"

Wakacheka tena, na Mwalimu Kailemia akamsifu Mutugi, akasema huyu ndiye mfano. Mutugi aliketi uso ukimwaka furaha. Ni Jamaldin pekee ambaye hakupiga makofi.

Darasa lilipoisha, Jamaldin alimvuta hadi nyuma ya ukumbi.

"Wallahi sikuangalia. Nimeona bega tu, nikafunga. Lakini wewe, ndugu yangu, unajua hiyo kitu yako inatazama wapi?"

"Zizi."

"Zizi liko kwa kona huko. Katikati ni bafu. Kuna nyanya anaoga."

Mutugi aliuliza: "Ametundika leso?"

"Ya manjano. Juu ya mabati."

Ile leso ya manjano Lorna alimnunulia mamake Krismasi. Jamaldin alimrudishia simu akitazama chini, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota.

Njiani kuelekea nyumbani Mutugi alisimama, akafungua orodha ya picha zilizohifadhiwa. Kamera ile huamka ikiona kitu kinachosogea. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi: kila siku kulikuwa na picha ya saa kumi na moja na nusu, wakati gunia lilipovutwa. Hakuzifungua. Lakini picha ndogo ya kwanza ilitosha: mgongo uliopinda, mweusi, wenye maji. Alizifuta zote nne, kidole kikigusa mahali pasipofaa mara mbili.

Alijaribu kuomba. Kila alipoanza "Baba yetu", alisikia sauti yake mwenyewe ikisema: mbele ya Mungu, halioni kwako. Kisha akasikia ile nyingine, ya darasani: nilisoma mwenyewe. Hakujua ni ipi iliyomchoma zaidi. Mashavu yake yalikuwa moto ingawa jua lilikuwa limekwisha kupoa. Alipofika, kabla ya kusalimia mtu, alipanda ngazi akaishusha kamera, akaitia ndani ya ndoo na kuifunika.

Lorna alikuwa anasonga ugali. Alisikiliza hadi mwisho, mwiko ukiwa umesimama sufuriani.

"Mama yangu?"

"Mamako."

"Umeona?"

"Mgongo."

Lorna aliketi juu ya kigoda. Alisema kwa sauti ya chini, "Umefuta?"

"Nimefuta."

"Basi yaishe. Baba Ndwiga, mume wangu, nakuomba. Akijua, kesho atafunga mizigo. Nani atamsikia akianguka huko Gachoka?"

"Nilimwapia, Lorna. Kwa jina la Mungu."

"Mimi siendi kumwambia."

"Sikutumi."

Kwa desturi ilifaa atumwe mama mzee wa kusema kwa niaba yake, lakini kila mtu wa kutumwa angekuwa mtu mwingine wa kujua. Kwa hiyo asubuhi Mutugi alikwenda mwenyewe hadi kwenye ua, akageuka ili ampe Ciakuthii mgongo, kofia mkononi. Ng'ambo alisikia ungo ukipepeta ndengu.

"Mama. Nimekosa."

Ungo ulinyamaza. Alieleza yote: kivuli, betri, tangi, mlango wa gunia. Kuku mmoja alipita kando ya ua akiparura.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Nani mwingine ameona?"

Hapo Mutugi angeweza kupumzika. Angesema hakuna.

"Mtu mmoja wa darasani. Bega tu. Alifunika simu."

"Mtu wa darasani," Ciakuthii alirudia polepole. Mutugi alisikia ungo ukiwekwa chini. "Ungenyamaza, ningejua?"

"Hapana, mama."

"Na Lorna amekwambia unyamaze." Mutugi aliizungusha kofia mkononi. "Namjua mtoto wangu. Si ulituambia umesoma kitabu cha hiyo kitu?"

"Nilisoma kurasa nne."

"Ziko ngapi?"

"Tano."

"Lete kitabu. Nisomee huo wa tano."

Alikileta pamoja na kamusi. Akasimama palepale, mgongo kwa ua, akasoma Kiingereza kidogo, akatafuta neno, akaligeuza kuwa Kimbeere, akasoma tena. Alikwama mara nyingi kama siku yake ya kwanza darasani. Hakuna mtu aliyemsaidia. Mstari wa tatu ulisema: usiielekeze kamera nyumbani kwa jirani, wala bafuni, wala mahali popote ambapo watu hutarajia kuwa peke yao. Wa nne ulisema: kila unapoihamisha, tazama picha nzima kabla ya kushuka. Alipofika hapo maneno yalianza kuogelea mbele ya macho yake.

"Kwa hiyo iliandikwa," Ciakuthii alisema.

"Iliandikwa."

"Wewe ukaruka."

"Niliruka, mama. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua."

Ciakuthii aliingia ndani. Mutugi alisikia sanduku la bati likifunguliwa, nguo zikitolewa, akafumba macho. Alikuwa amemjengea nyumba kwa miezi miwili, na sasa amempoteza kwa skrubu mbili za kamera. Kisha hatua zikarudi.

"Yule mbuzi jike wa madoa bado yuko?"

"Yuko."

"Achinjwe kesho, Jumamosi. Nitaita ndugu za marehemu mume wangu kutoka Gachoka. Utasimama mbele yao useme haya uliyosema, na ya mtu wa darasani pia. Nikimaliza kula nitajua kama naondoka nao au nabaki."

Jumamosi walikuja wazee wanne na bibi mmoja. Mutugi alisimama, akasema. Alidhani kusema mara ya tatu kungekuwa rahisi. Kukawa kugumu kuliko zote, kwa sababu mzee mmoja hakusikia vizuri na ikabidi arudie habari za bafu kwa sauti kubwa, watoto wa jirani wakisikia. Hakuna aliyecheka. Aliomba msamaha, akaketi mbali, na hakuonja nyama hiyo. Mbuzi aliyemnunulia kamera ili asiibwe alikuwa ameliwa yeye mwenyewe akiona.

Wazee walipoinuka, mkoba wa Ciakuthii ulikuwa mlangoni, umefungwa. Lorna aliutazama, akauma ukingo wa leso yake. Ciakuthii aliwasindikiza wageni hadi njiani. Alirudi mikono mitupu, akapita kando ya mkoba, akasema bila kumtazama mkwewe:

"Hiyo bafu iwekwe paa. Hata hao ndege sitaki tena."

Mutugi aliweka paa Jumatatu, akahamisha na mlango. Alhamisi alimwomba Mwalimu Kailemia nafasi, akasimama akasoma ukurasa wa tano mbele ya wote, akasema aliuruka na kwamba kuna mtu aliyeumia kwa ajili hiyo. Hakumtaja. Jamaldin alitazama nje ya dirisha.

Kamera sasa iko chini ya ukingo wa paa, mahali pa kwanza, penye kivuli. Kila baada ya siku mbili huzimika, na Mutugi huishusha aende kuichaji ndani. Njia ya mlangoni hupita kando ya ua, kwa hiyo huibeba ndani ya kofia yake, imelala kifudifudi, ingawa imekufa na haiwezi kuona chochote. Hutembea akiwa ameinamisha kichwa, na aibu humrudia kila mara palepale, karibu na minyaa.

"Muthoni," sauti huuliza kutoka ng'ambo. "Imefunikwa?"

"Imefunikwa, mama."

Husimama akingoja. Wakati mwingine hungoja sana.

"Basi pita."