Mbavu na Maranda ya Emorut

Kilichomchefua Asekenye kwanza haikuwa nyama. Ilikuwa ile chupa. Levis, shemeji yake, alikuwa amesuuza chupa ya plastiki ya dawa ya kusafishia vioo, akaijaza juisi ya tofaa, na sasa alikuwa akizinyunyizia mbavu za nguruwe kama kinyozi anayelowesha nywele za mteja. Karatasi ya chupa bado ilikuwa na picha ya dirisha linalong'aa.

"Shem, usiniangalie hivyo," Levis alisema. "Nimeiosha mara tatu. Kule hotelini Doha tulikuwa tunafanya hivihivi. Nyama inalainika, ukivuta mfupa unatoka tu, kama jino la mtoto."

Asekenye akageuza uso. Jino la mtoto.

Mashine yenyewe ilisimama kwenye baraza, kabati jeusi la chuma, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, lenye mlango wa kioo na waya mrefu uliopitia dirishani mpaka sebuleni. Levis aliiita smoka. Inatumia stima, alisema, na moto wake hauonekani. Unatia vipande vya mti kwenye kisanduku kidogo cha pembeni, vinafuka polepole, nyama inaiva kwa moshi kwa saa sita au saba. Alikuwa na mpango wa kufungua kibanda Malaba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka, awauzie madereva mbavu za moshi. Siku ya kumaliza matanga ya kaka yake Emorut aliiona ndiyo siku nzuri ya kuwaonjesha watu. Alikuwa amevaa aproni ya turubai ya Emorut, ile ya karakana yenye mfuko wa penseli. Hakuwa ameomba ruhusa. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yameshaingia kwenye mfuko huo.

Miezi mitatu sasa Asekenye alikuwa amezoea kutosema neno.

Emorut, mume wake, alikuwa seremala hapo Chakol. Jioni moja alirudi kutoka karakana yake iliyo nyuma ya nyumba, akala ugali na mboga ya kunde aliyopika Asekenye, akalala. Usiku akaamka ameshika tumbo, na kabla ya kufika hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari alieleza kwamba kidonda cha tumboni kilikuwa kimepasuka, kwamba kilikuwa humo siku nyingi. Watu walimsikiliza daktari wakaitikia kwa vichwa. Halafu wakakumbuka ni nani aliyepika zile kunde.

Hakuna aliyemwambia usoni. Lakini katika ukoo wa Emorut kulikuwa na namna yao ya kuyamaliza maneno kama hayo. Jeneza likichongwa, maranda yake hayachomwi wala hayatupwi. Hufagiwa yote, hutiwa kwenye gunia, hufungwa kwa kamba ya mgomba, na hukabidhiwa mjane. Siku ya kumaliza matanga mjane huyamwaga miguuni mwa kaburi. Kisha hupewa ubavu wa kwanza wa mnyama aliyechinjwa, aule mbele ya wazee wote. Akishaumeza, hakuna anayeruhusiwa kutaja tena kifo kile na jina lake pamoja. Akikataa, basi, kila mtu atabaki na lake moyoni, na yeye atabaki katika boma lile kama mgeni aliyepitiliza siku.

Kwa hiyo ubavu huo Asekenye alikuwa amejiandaa kuula. Tangu mazishi hakuwa ameweza kuweka nyama mdomoni, lakini leo angekula, hata kama angemeza bila kutafuna.

Saa nne stima ilipotea.

Levis aliruka huku na huko akipigia watu simu, akiuliza kama Nambale wana stima, kama Busia wana stima, kana kwamba jibu lingemsaidia. Ndani ya kioo mbavu zilikaa kwenye joto la uvuguvugu, rangi yake kama mikono iliyokaa sana majini. Sinia la chini lilijaa mafuta ya manjano, na juu yake yakaanza kuganda ngozi. Nzi mmoja alikuwa ameingia, haijulikani alipitia wapi, akawa anatembea juu ya ile ngozi bila kuzama.

"Zitaharibika," alisema Mercyline, binamu ya marehemu, aliyekuwa akimenya viazi. "Leteni sufuria tuchemshe kama watu."

"Nani anachemsha ribs, Mercy? Tulia," Levis akamjibu. "Mchina aliyeitengeneza hii si mjinga."

"Mchina hayuko hapa kuzila."

Stima ilirudi saa saba. Asekenye alikuwa jikoni akikoroga mchele, moshi wa kuni ukimwingia machoni, aliposikia harufu nyingine ikipenya chini ya ile ya kuni. Akaacha kukoroga.

Ilikuwa harufu ya mvule. Si mvule unaoungua jikoni, maana hakuna anayechoma mvule. Ilikuwa harufu kavu, chungu kidogo, ile aliyokuwa akiikuta kwenye kola za mashati ya Emorut kila Jumamosi alipoyaloweka, ila sasa ilikuwa imechanganyika na kitu chenye mafuta na sukari. Ilikuwa harufu ya mume wake, na ilikuwa ikinukia kama chakula. Mate yakamjaa mdomoni, akashindwa kujua kama ni ya njaa au ya kichefuchefu, na kule kutojua kukamtia kinyaa kuliko harufu yenyewe.

Aliufuta mkono kwenye leso, akaenda karakana. Msumari alipokuwa ametundika gunia la maranda ulikuwa ukutani. Gunia halikuwepo.

Levis alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine, akiimba.

"Levis. Umetia nini humo?"

"Maranda tu, shem. Vile vipande nilivyotoka navyo Doha viliisha, hii stima ya kwenda na kurudi imevimaliza. Nikaona kule karakana kuna gunia zima linaning'inia bure. Mvule safi! Yanaungua haraka kidogo, lakini hebu ona hiyo rangi." Akafungua mlango. Mbavu zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia nyekundu, zinang'aa, zinatoa jasho.

"Gunia lilikuwa limefungwa."

"Eeh, na kikamba cha mgomba. Nikakikata."

Levis alikuwa ameishi Doha miaka tisa, na kabla ya hapo alikuwa shule ya bweni. Hakuwa amewahi kukaa nyumbani mjane akimaliza matanga. Asekenye alijua hivyo, na bado alitamani kumkamata kwa hiyo aproni amburute.

"Toa hicho kisanduku," alisema.

Levis alikivuta kisanduku cha moshi, akikishika kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na majivu na maranda yaliyojikunja, mekundu kingoni. Katikati ya majivu kulikuwa na utepe mweupe wa satini, urefu wa kidole. Ncha yake moja ilikuwa imeyeyuka ikawa tone jeusi linalong'aa, na tone hilo bado lilikuwa likichemka.

Asekenye aliujua utepe huo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana siku ile Okiria, rafiki wa Emorut, alipokuwa akitandika satini nyeupe ndani ya jeneza lake na kukata pembe zilizozidi kwa mkasi. Vipande viliangukia kwenye maranda. Okiria akafagia yote pamoja.

Alizunguka nyuma ya ghala, akainama, akatapika chai ya asubuhi.

Aliporudi alikuwa ameamua kusema. Lakini sauti ya mama mkwe wake ikamwita kutoka jikoni.

"Asekenye! Mwanangu, njoo."

Mama Akurut alikuwa amekaa mkekani, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe wa uzee, na mkononi alikuwa na ubavu. Levis alikuwa amempa aonje. Meno yamemwisha, kwa hiyo hakuwa akitafuna, alikuwa akifyonza. Mafuta yalimtiririka kidevuni, yakapita kwenye mikunjo ya shingo, yakaingia kwenye gauni la kanisani. Alikuwa akifyonza kwa sauti, kama mtoto kwenye titi. Miezi mitatu kizee huyu alikuwa akiishi kwa uji na chai.

"Nyama hii," alisema, akatabasamu, "inanuka Emorut."

Asekenye alisimama mlangoni. Maneno aliyokuja nayo akayameza pamoja na uchungu uliobaki kooni, kwa sababu hakuona namna ya kumwambia mama kwamba alichokuwa akifyonza ni moshi wa jeneza la mwanawe.

Saa kumi wazee walikaa chini ya turubai. Mzee Elungat, baba mdogo wa marehemu, aliomba, akavaa kofia, akasafisha koo.

"Haya. Mama, leta maranda."

Asekenye alisimama. Mikono yake ilikuwa mitupu, na kila mtu aliiona.

"Maranda, mama," alirudia mzee, akidhani hakusikika.

Mwanamke mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, nao mnong'ono ukatembea mkeka hadi mkeka. Mercyline akasema, si kwa ubaya, "Labda panya. Basi ale ubavu kwanza, maranda yatafutwe."

Levis alikuwa akingoja hapo tu. Alikuja na sinia kubwa, ameshika simu kwa mkono mwingine akirekodi. "Jamani, mambo ni haya! Mbavu za moshi, za kwanza Chakol nzima!" Harufu ikawafikia watu, na Asekenye akawaona wakimeza mate, mmoja mmoja, Elungat pia. Shingo zao zilipanda na kushuka. Akatamani ardhi impokee.

Alichukua ubavu. Ulikuwa wa moto na wenye utelezi, nyama yake ikitikisika kwenye mfupa. Aliuinua mpaka karibu na midomo. Kulikuwa na kijiuzi cheupe kimegandia kwenye mafuta, chembamba kama unywele. Mdomo wake ukakataa kufunguka.

"Anaogopa," mtu alisema, na safari hii haikuwa kwa mnong'ono.

"Mwenye moyo safi haogopi nyama," akaitikia mwingine.

Asekenye aliurudisha ubavu kwenye sinia. "Levis, zima hiyo simu. Kalete gunia ulilotoa maranda."

"Shem, sasa hivi?"

"Kalete."

Levis alirudi na gunia tupu, kile kikamba cha mgomba kilichokatwa kikining'inia. Elungat alikitazama kikamba. Alikuwa amekifunga kwa mikono yake mwenyewe. Aliinuka kitini nusu, akabaki hivyo, hajakaa wala hajasimama.

"Kijana," alisema polepole, "umepikia nini?"

Levis alitazama gunia, akatazama sinia, akatazama nyuso za wazee. Hakuna aliyemweleza, lakini rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo kadiri alivyokuwa akielewa. Alikuwa amekwisha kula mbavu nne. Aliweka sinia chini, akakimbilia nyuma ya ghala, palepale Asekenye alipokuwa mchana. Wote walimsikia. Mercyline, aliyekuwa ameonja mbili jikoni, aliufunika mdomo kwa kanga na kumfuata.

"Mimi sili," Asekenye alisema. Sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Semeni mnavyotaka kusema. Maranda ya mume wangu yamo kwenye mbavu hizi. Yataenda yalikotakiwa kwenda."

"Na ubavu?" aliuliza mzee mmoja. "Hajala. Desturi haijatimia."

Ndipo Mama Akurut akasikika. Alikuwa ameletwa na kukalishwa kando, na wote walikuwa wamemsahau.

"Ungekuwa wewe una jambo moyoni, Omoding," alimwambia mzee yule, "ungekula upesi unyamaze, watu wasahau. Huyu amekataa mbele yenu nyote, na anajua mtakavyosema. Mnataka nini tena? Mimi ndiye niliyemzaa Emorut. Mwacheni mkwe wangu."

Omoding alitazama viatu vyake. Elungat alingoja kama kuna mwingine, akaona hakuna, akavua kofia. "Imekwisha," alisema. "Leteni jembe."

Walichimba miguuni mwa kaburi, shimo la kufika kiunoni ili mbwa wasifukue. Asekenye alimwaga mwenyewe. Mbavu zilianguka moja juu ya nyingine kwa mlio wa kitu kilichoiva sana, akamimina majivu ya kisanduku, akamimina na yale mafuta ya manjano, pamoja na nzi wake. Levis alileta aproni, ameikunja vizuri, macho yamemvimba. Asekenye aliipokea kwa vidole viwili. Hakuitupa shimoni. Angeifua, hata kama ingemchukua mwezi.

Alipomaliza kunawa, mara ya tatu na sabuni ya unga, alienda kumfuta mkwe wake kidevu kwa kitambaa chenye maji ya moto. Kizee alikuwa amefumba kiganja.

"Mama, nipe huo mfupa. Umebaki huo tu."

"Huu hapana."

"Mama, ni mchafu. Unajua moshi wake ulitoka wapi."

"Nilijua nilipoufyonza mara ya kwanza. Wewe ulifikiri macho yakipotea na pua inapotea?" Aliufunga mfupa kwenye pindo la leso, mafundo mawili, akaubana kwapani. "Mifupa yenu mmempelekea Emorut kwa jembe. Huu nitampelekea mwenyewe. Sitachelewa."

Mafuta yalikuwa yameshaanza kupenya kwenye leso, doa la kahawia likipanuka. Asekenye alilitazama. Akaendelea kumfuta shingo, mkunjo baada ya mkunjo, akipumua kwa mdomo.