Wembe wa Mtani

"Sema tena," Seifu alisema.

Filbert aliushika wembe juu ya shavu la kulia, povu likimtiririkia hadi kwenye kola. "Seifu ni babu yangu," alisema, "na mimi ni mtumwa wake."

"Sasa shusha."

Akashusha. Wembe uliteremka polepole, kwa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa wali akiogopa kusikika, ukaacha njia safi nyuma yake. Filbert alingoja kuwashwa. Hakuwashwa.

"Usirudie hapohapo," Seifu alisema. "Ukishapita, umepita. Suuza wembe, sema tena, ndiyo ushuke kando yake."

Walikuwa uani, kwenye nyumba moja ya Mtaa wa Mchikichi, nyuma ya kibanda cha bati ambamo Seifu alinyoa watu. Filbert alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya nyumba hiyohiyo. Kwa miaka mingi alikuwa akijinyoa kwa nyembe ndogo za dukani, zile za kutia kwenye kishikio, lakini mwaka ule wa themanini na mbili nyembe hizo zilikuwa zimefuata njia ya sukari, zimeadimika. Ukiziulizia duka la kaya, foleni nzima ilicheka. Ukabaki wembe wa kinyozi, ule mrefu wa kukunja, na kinyozi mwenyewe alikuwa Mnyamwezi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Filbert alikuwa Mngoni wa Songea. Mngoni na Mnyamwezi ni watani: wanatukanana asubuhi, huyu mla panya, yule mpagazi, wananyang'anyana vitumbua mchana, wanavurugiana hata misiba, na anayenuna ndiye mjinga. Yote hayo Filbert aliyapenda. Ila kukaa kitini, kulaza kichwa nyuma na kumwachia mtani mwenye wembe koo lake, hilo hakuliweza. Akaomba afundishwe kujinyoa mwenyewe.

Seifu alimfundisha wiki iliyotangulia. Alimwambia alainishe ndevu kwa kitambaa cha maji moto, avute ngozi kwa mkono wa pili, aulaze wembe, ashuke kufuata ndevu zinakolala, na asikandamize. Kila neno alilifunga na tusi. "Loweka kwanza. Hizo si ndevu, ni miiba ya kutegea panya wenu."

Filbert alisikiliza kwa makini, akaenda chumbani kwake kutafakari. Mtani hawezi kukupa ushauri wa kweli kuhusu uso wako. Akikupa, utani umekufa. Kwa hiyo alifanya kinyume cha yote, tena kwa utaratibu. Alinyoa ndevu zikiwa kavu, akausimamisha wembe, akapanda nao kutoka kooni kwenda kidevuni, na palipobaki kitu akakandamiza.

Jumapili alikwenda Ilala kwa Paskalina, Mngoni mwenzake, shangazi wa Sofia, msichana aliyetaka kumwoa. Paskalina ndiye aliyemlea Sofia, na bila neno lake hakuna mshenga ambaye angepokelewa. Shingo ya Filbert ilikuwa imeumuka vipele kama kanga aliyenyonyolewa. Alijikuna katikati ya sala ya chakula. Paskalina akauliza, "Hiyo inaambukiza?" Wengine walinywa chai kwenye vikombe vya udongo, yeye akaletewa cha plastiki. Alipoaga aliambiwa arudi Jumapili inayofuata. Vipele vikiwa bado vipo, asijisumbue kutafuta mshenga.

Sasa ilikuwa Jumamosi.

Seifu alipopata habari hizo aliumia kweli. "Nilikwambia ukweli mtupu! Uso wa mtu siutanii."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Nikuulize wewe?"

Tangu hapo Filbert aliamua kuamini kila kitu. Seifu aliligundua hilo mapema, na kwa kuwa naye ni binadamu, alishindwa kujizuia. Aliamuru kitambaa cha moto, akapiga povu la sabuni ya mche mpaka likawa jepesi, akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi. Kisha, bila kubadilisha uso, akasema kwamba kabla ya kila mstari lazima mnyoaji atamke kuwa Seifu ni babu yake.

"Kwa nini?"

"Inatuliza mkono."

Na kweli ilituliza. Mtu hawezi kusema maneno kama yale na papo hapo akaharakisha. Mkono ulingoja mdomo umalize aibu yake, ndipo ukashuka, na shavu la kulia lilizidi kutoka laini.

"Seifu ni babu yangu, na mimi ni mtumwa..."

"Hodi humu!"

Paskalina alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua na kapu la sokoni, mchicha ukining'inia. Barazani walikuwa wamemwambia fundi yuko nyuma.

"Shikamoo, shangazi," Filbert alisema, povu mdomoni.

"Marahaba. Rudia ulichokuwa unasema."

"Nilikuwa nanyoa, shangazi."

"Kunyoa nimekuona. Nauliza nilichokisikia. Mngoni mzima anajiita mtumwa wa mpagazi?"

Seifu aliinuka akichekelea hadi magego yakaonekana. "Wapagazi tungewabebea nini ninyi? Panya wa kukausha?"

"Nyamaza wewe. Bega lako bado lina alama ya pembe ya ndovu."

"Na kwenye meno yako kuna mkia."

Paskalina aliziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakamtikisika. Halafu akakumbuka kilichomsimamisha pale, akamgeukia Filbert.

"Vipele ningevisamehe. Vipele vinapona. Lakini mwanaume anayetamkishwa chochote na Mnyamwezi, nimpe mtoto wangu? Si nitasikia kesho kutwa amemkopesha kwa Wanyamwezi huko Tabora?"

Filbert aliuweka wembe kwenye beseni.

"Shangazi, wiki iliyopita sikuamini hata neno lake moja, nikaja kwako na shingo ile. Leo nimeamini yote, umenikuta hivi. Katikati sijapapata bado."

Paskalina aliweka kapu chini. Alipitisha kidole gumba kwenye shavu la kulia kwenda chini, kisha kwenda juu, kama anayechagua nyanya. "Hapa pamekubali," alisema. Akagusa shingoni. "Huku bado kunawaka." Akajipangusa povu kwa khanga.

"Kesho uje. Baba yake mkubwa Sofia atakuwepo. Kabla ya chai utasimama mbele yake ueleze huyu Mnyamwezi ni nani kwako, na useme vizuri. Wewe mpagazi nawe uje usikie."

"Kuna nyama?"

"Kuna mkia."

Alipoondoka, Filbert aliuchukua wembe akaugeuzia shavu la kushoto.

"Acha," Seifu alisema. "Maji yamepoa. Upande huo kesho asubuhi, na shingo usiiguse mpaka itulie."

"Nikakae barazani na ndevu za upande mmoja?"

"Ndiyo."

Filbert aliutafuta utani usoni mwa Seifu, akaukuta umejaa tele. Basi akajigusa mwenyewe. Povu la kushoto lilikuwa limekauka, ngozi iligoma kuvutika, na shingo ilichoma kabla kidole hakijakandamiza. Akaukunja wembe. Alinawa kwa maji baridi, akapitisha jiwe la shabu, la kukaza ngozi, kwenye shavu lililonyolewa, likamfinya hadi akafumba macho.

"Uchemshe maji mapema," alisema.

"Na maneno?"

"Maneno ya kesho natunga mwenyewe."

Barazani mteja alikuwa akingoja suruali yake. Filbert aliigeuza cherehani mpaka upande wake wenye ndevu ukaelekea ukutani, akakaa kushona.