Mgeni kwenye Swichi ya Hifadhi

Kagwiria alikuwa na haya kiasi kwamba hata kompyuta akiizima, aliiomba radhi kimoyomoyo. Lakini asubuhi hiyo, katika ofisi ya malori ya Mzee Abdinajib pale Wabera, alijikuta akiimba. Kazi yake ya kwanza bila msimamizi ilikuwa imekubali.

Seva mbili zilisimama kabatini, na ndani yake ziliishi kompyuta pepe, kompyuta zisizo na mwili: moja ya safari, moja ya mafuta, moja ya vibali vya mifugo. Kumbukumbu zao zote alizihamishia kwenye sanduku moja la hifadhi. Seva zililifikia kwa nyaya za mtandao, kupitia swichi, kisanduku kidogo cha kuunganishia nyaya, alichokitenga kabisa na intaneti. Seva moja ikiugua, nyingine ingebeba mzigo wote, na hakuna dereva angejua.

"Binti," Mzee alikuwa amemwambia, "ikifanya kazi mpaka adhuhuri, kazi ni yako. Ikilala, namwita yule kijana wa Nairobi. Anaongea sana, lakini nitavumilia."

Saa nne, ikalala.

Kompyuta ya vibali iliganda. Nje, Mwirigi dereva alikuwa amejaza lori mbuzi, na bila kibali hangeweza kuondoka. Alipiga honi. "Kagwiria! Hawa wameanza kula turubai!"

Alikimbilia kabati. Taa zote zilikuwa zinawaka. Akauliza kwenye skrini ya seva: nani ana anwani namba kumi, ile aliyolipatia sanduku? Wakaitika wawili. Mmoja sanduku. Wa pili, televisheni.

"Televisheni?" alinong'ona.

Akatazama swichi. Alikuwa amechomeka nyaya tatu. Sasa zilikuwa tano. Mmoja ulikuwa ule wa laptopu yake, uliotoka kwenye modemu ya intaneti. Mwingine ulipita dirishani, ukavuka ua, ukaingia chumba cha wageni, ambako Kahin kutoka Gotu na wenzake walikuwa wakitazama mbio za ngamia. Modemu ilikuwa imeipa televisheni namba kumi. Seva zikiuliza habari za mbuzi, televisheni ya ngamia ilikuwa ikiitika, "Niko!"

"Ni mimi," alisema Ubah, dada yake Mzee, ambaye ofisi nzima ilimwita Eddo, yaani shangazi. Alikuwa mlangoni na birika la chai. "Modemu imejaa, nikauazima waya wako. Hiki kisanduku chako kina matundu manane, na matano hayakuwa na mtu. Mgeni akose, na nafasi iko?"

Kagwiria aliushika waya wa televisheni, akauachia. Kumchomoa mgeni katikati ya mbio, katika nyumba hii! Ni afadhali ummwagie chai yake. Na kumshtaki Eddo kwa Mzee hakuthubutu hata kufikiria.

Honi ikalia tena. Mbuzi wakaijibu.

Akaitazama modemu. Tundu moja lilikuwa na waya wa laptopu yake. Akauchomoa ncha zote mbili.

"Eddo," sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka, "hapa ni chumba cha kulala cha seva. Tumhamishe mgeni. Nampa kiti changu, kiko karibu zaidi na intaneti."

"Chumba cha kulala!" Eddo alijishika shavu. "Si ungesema! Mimi nimemlaza mgeni kitandani kwa watu!"

Alipouhamishia waya wa televisheni kwenye modemu, ngamia waliganda, chumba cha wageni kikapiga kelele, kisha ngamia wakarudi wakikimbia kasi kuliko mwanzo. Kagwiria aliiamsha kompyuta ya vibali, akangoja huku akitafuna kucha. Printa ikakohoa. Kibali kikatoka, na Mwirigi akaondoka na kilichobaki cha turubai.

Mzee aliingia adhana ya adhuhuri ikianza. "Nimesikia ililala."

"Ililala, Mzee. Namba ya sanduku niliichagua vibaya. Na... kulikuwa na mgeni amekaa pasipo pake. Nimempa kiti changu."

Nyuma ya mlango, birika lilitulia kabisa.

Mzee aliutazama waya wa laptopu uliokuwa ukining'inia. "Na wewe sasa unakaa wapi?"

"Natumia bando za simu, Mzee."

"Mtu wa ofisi yangu akae nje?" Mzee aling'aka. "Ubah! Kesho itafutwe modemu yenye matundu mengi. Na huyu binti achague lake kabla wageni wako hawajaamka."