Pini Mdomoni

"Simama wima, mama. Ukijikunja, gauni la watu litaenda upogo."

Mama alijinyoosha juu ya kigoda. Gauni lilikuwa la mteja, na kwa kuwa mwili wa mama ulifanana na wa mteja huyo, kila mara yeye ndiye aliyevalishwa. Binti alibana pini midomoni, akapiga magoti na kuanza kukunja upindo.

Sebuleni, upande wa pili wa pazia, wanaume walikuwa wakinywa chai. Mwenye duka la vipuri alikuwa ameleta posa. Mtu mwema, hana makuu, kila mtu alisema hivyo. Ila alitaka jambo moja lieleweke: mke wake hatashonea watu, kwa hiyo cherehani iuzwe. Binti aliposikia, alimwomba baba yake muda wa kufikiri. Baba aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia taarifa ya habari.

Sasa hatua zilisogea hadi kwenye pazia.

"Mwanangu," baba alisema, "niko na mashahidi. Wenzetu wanataka ndoa ifungwe leo hii. Unaridhia?"

Binti aliduwaa. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika upindo, na mdomo umejaa pini. Aliogopa hata kumeza mate.

"Kanyamaza," shahidi mmoja alisema, sauti imechangamka. "Mwali akinyamaza ndiyo kakubali. Twendeni."

Mama naye aliulizwa hivyo hivyo, zamani, akiwa analia. Kilio chake nacho kilihesabiwa kuwa kukubali. Hakuwahi kumwambia mtu.

Alishuka kwenye kigoda.

"Rudini!" Nyumba ile haikuwa ikiijua sauti hiyo, hata mwenyewe alishtuka. "Mtoto ana pini mdomoni!"

Hatua zilisimama. Binti alizitema pini kiganjani. Moja ilikuwa imemchoma mdomo.

"Sikubali, baba."

"Mwanangu, watu wamesha..."

"Nimekusikia, baba. Sikubali."

Safari hii walionyamaza ni wanaume, na hakuna aliyesema wamekubali. Baba alikohoa. Kisha kikombe kiligonga kisosi, na mtu akaanza kutafuta viatu vyake.

Mama alipanda tena kigodani.

"Upande huu bado," alisema.

Binti alizifuta pini kwa kitambaa, akazichomeka moja moja kwenye bega la blauzi yake, kisha akapiga magoti.