Uzito Kwenye Keria

Asubuhi ya tatu baiskeli ilipokuwa nzito mahali palepale, Mwanawetu aliacha kulaumu tairi. Alikuwa ameyapita makaburi kidogo tu. Mchanga ulikuwa mkavu, njia tambarare, na bado miguu ilisukuma pedeli kama inapandisha kilima. Usukani nao ulivuta kulia. Aliurudisha kushoto, ukaenda tena kulia. Jasho lilimtoka chini ya mtandio, na mbele, kwenye barabara kuu ya Lindi, taa za malori zilipita moja moja kuelekea Kibiti.

Hakugeuka kutazama nyuma. Alijiambia kwamba anayejifunza baiskeli akigeuka huanguka. Hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Kuendesha alijifunza ukubwani, mama wa watoto wanne. Mumewe, Fikirini, alimshikia keria kutoka nyuma kwenye uwanja wa mpira wa kitongoji, vijana wakijifia kwa kicheko, mpaka jioni moja akaachia bila kusema. Hiari hawakuwa nayo. Mafuriko yalibeba mpunga wao wote bondeni, na kilichobaki kulisha nyumba ni kazi ya kupika chapati kwa Zaitun, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Kibiti. Nauli ya bodaboda ya kila siku ingeila kazi yenyewe. Zaitun alitaka chapati za kwanza ziive kabla mabasi ya asubuhi hayajasimama, na Mwanawetu, alipokuwa akienda kwa miguu, alichelewa mara mbili. Ile ya pili Zaitun alimwambia kwa upole, huku akipepea mkaa, kwamba akichelewa tena asijisumbue kuja.

Sasa kuendesha alijua, ila kupanda hakujua. Baiskeli ya Fikirini ilikuwa ya kiume, yenye lile bomba refu la katikati, na mwanamke mwenye dera lake haruki juu kama kijana. Alihitaji kitu cha kukanyagia. Kwa hiyo alipopanga njia yake hakutazama ipi fupi ipi ndefu. Alitafuta mahali pa kupandia. Nyumbani kulikuwa na kisiki cha mkorosho. Kwenye kona ya shule, kichuguu. Karibu na lami, ukingo wa kalavati. Aliipita njia nzima kwa miguu siku ya mapumziko, akijaribu visiki kwa unyayo kama anayechagua kigoda dukani, na watu waliomwona walidhani amepoteza kitu.

Makaburini hapakuwa na kisiki wala jiwe. Na makaburini, kwa watu wa pale, mtu hushuka. Wa pikipiki huzima redio. Wa baiskeli hushuka, huwasalimu waliolala, hukokota mpaka makaburi yaishe. Mwanawetu akishuka pale angelazimika kukokota hadi kwenye kalavati, na kazi ingekwenda kwa mwingine. Akaamua atapita juu ya baiskeli, na salamu atatoa akiwa hukohuko juu. Wafu ni watu wazima, wataelewa.

Ila aliyelala mwisho kabisa, kando ya njia, hakuwahi kuwa mtu wa kuelewa. Huyo alikuwa mavyaa wake, Bi Mwanasiti, mama yake Fikirini. Ndiye aliyesema, Mwanawetu angali bibi harusi, kwamba mahali pa mwanamke kwenye baiskeli ni nyuma, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha. Kisha masika ya mwaka jana homa kali ikamshika alfajiri. Fikirini alikuwa bondeni, amekwenda kwa mtumbwi kulinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Pikipiki pekee ya kitongoji ilikuwa imekwenda msibani Ikwiriri. Baiskeli ilikuwepo, imeegemea ukuta, tairi zimejaa upepo.

Mwanawetu alimpandisha mkwewe kwenye keria, akamfunga kanga kiunoni, ncha akaifunga kwenye kiti, akaikokota kwenda hospitali.

“Tumefika?” mama aliuliza kila baada ya hatua kadhaa.

“Tunakaribia, mama.”

Walipofika makaburini hakuuliza tena. Watu wakamzika palepale, na wengi walisema afadhali hakusumbuka kurudi. Mwanawetu hakuona afadhali yoyote.

Jioni ya siku hiyo ya tatu Fikirini aliigeuza baiskeli juu chini uani, akazungusha magurudumu, akatia cheni mafuta. Kisha akaiendesha mwenyewe mpaka kwenye kalavati na kurudi. Haina kitu, alisema, nyepesi kabisa.

Mwanawetu akamwambia kwamba usukani unavuta kulia.

“Hapo si usukani,” alisema Fikirini, akijifuta mafuta mikononi. “Ni abiria akikaa miguu kulia. Wanawake wote hukaa miguu kushoto. Mama peke yake ndiye alikuwa ananivuta hivyo, kwa ajili ya nyonga yake.”

Alicheka kidogo, akakumbuka anazungumza na nani, akaacha. Baadaye, bila kumtazama mkewe, akamuuliza kama makaburini huwa anashuka. Mwanawetu akasema anashuka.

Siku iliyofuata alitoka mapema kuliko kawaida ili uongo ule uwe kweli. Alishuka. Aliwasalimu wote, kisha akasimama mbele ya kaburi la mwisho, akasema shikamoo mama, akaomba radhi kwa kupita juu siku zote zile.  Jogoo wa shuleni alikuwa hajawika. Akashika usukani akaanza kukokota, moyo umetulia, na kabla hajavuka mkorosho wa mwisho keria ikalia, kile kilio chake cha chuma kinapopokea mtu.

Uzito ulikuwa uleule. Mikono iliujua kabla ya kichwa. Ndio huo huo alioukokota masika ya mwaka jana. Aliogopa, lakini mtu hawezi kuiangusha baiskeli yenye mgonjwa. Alikokota. Kwenye kalavati alikanyaga ukingo, akapanda, akaendesha kandokando ya lami, malori yakimpepea, baiskeli ikivuta kulia.

Kulikuwa kunapambazuka alipofika njia panda. Kushoto ni stendi, na moshi wa majiko ulikuwa umeshaanza. Kulia ni hospitali. Basi la kwanza lilikuwa linapiga honi mbali, upande wa Ikwiriri.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Miaka yote alimtii mwanamke huyu, na bado hajatosheka.

“Mama,” alisema, macho mbele, “leo nitafukuzwa.”

 Keria ililia taratibu, kama mtu anayejiweka sawa asianguke, na Mwanawetu akamhurumia. Akaacha kuurudisha usukani. Baiskeli ikakata kulia yenyewe.

Getini mlinzi alikuwa amejifunika shuka, kikombe cha chai mkononi. Alimwona, akaweka kikombe chini.

“Baiskeli inaishia hapo, dada,” alisema. “Bibi ashuke taratibu, pana tope.”

Mwanawetu aliushika usukani kwa mikono miwili. Hakugeuka. Kanga ilisikika ikichakarika mgongoni pake, keria ikalia mara moja, na tairi la nyuma likainuka kwa upesi mpaka baiskeli ikamtikisa.

“Tumefika, mama,” alisema.

Huko stendi basi lilipiga honi tena, sasa karibu, na watu wakaanza kuitana. Mlinzi alikuwa amefungua geti dogo. Alisogea pembeni, akainamisha kichwa kidogo kuitikia salamu ambayo Mwanawetu hakuisikia, akaendelea kulishikilia geti, muda mrefu, kama anavyosubiriwa mtu mwenye nyonga mbovu.